Kuendelea kujongea ukiwa na saratani ya ovari iliyosambaa: mwongozo wa hatua kwa hatua

Ukishaambiwa kwamba saratani ya ovari imefika hatua ya 3 au ya 4, ushauri huanza kumiminika, na mwingi ni wa aina mbili. Kuna watakaokwambia ulale, usiguse chochote, kila kitu watakufanyia wao. Na kuna watakaokutumia video ya mtu aliyepanda mlima baada ya kemotherapi. Wa kwanza watakudhoofisha kwa upendo, wa pili watakufanya ujione mvivu. Mwongozo huu ni wa mwanamke aliye katikati yao: anatibiwa, au yuko kati ya tiba moja na nyingine, tumbo lake si lile la zamani, na bado anataka kuoga mwenyewe, kupanda ngazi na kutoka nje ya mlango.

Nimeanzia kwenye kuoga na ngazi kwa makusudi. Ugonjwa ukishasambaa, mazoezi hayapimwi kwa kilomita wala kwa kilo zilizopungua. Yanapimwa kwa mambo ambayo mwili wako bado unakufanyia bila kumwita mtu.

Yanayowezekana na yasiyowezekana

Misuli isiyotumika hupungua upesi, hata kwa mtu mzima wa afya akilala kitandani wiki moja tu. Kwako kuna mengine yanayoila: ugonjwa wenyewe, chakula kinachoshuka kidogo kwa sababu tumbo linajaa haraka, na deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi unayopewa pamoja na dripu ya kemotherapi, ambayo ikitumika kwa muda hulegeza misuli ya mapaja na mabega. Kisha kuna uchovu wa saratani, ambao hauishi hata ukilala usiku kucha. Kadiri unavyoutii kwa kulala zaidi, ndivyo mapaja yanavyolegea, na ndivyo safari ya kwenda chooni inavyokuchosha zaidi.

Hapo ndipo mazoezi yanaposaidia. Mwaka 2019 jopo la wataalamu kutoka nchi mbalimbali, lililoitishwa na Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani, lilipendekeza kwa wenye saratani dakika 30 za mazoezi ya kuhemesha mara 3 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu mara 2 kwa wiki. Waliona ushahidi wa kutosha kwamba yanapunguza uchovu, wasiwasi na huzuni, na yanamwezesha mtu kuendelea na shughuli zake. Kwa saratani ya ovari hasa, utafiti uliofanyika Connecticut na kuchapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia wanawake 144 waliokuwa wamemaliza matibabu. Waliopewa mpango wa kutembea kwa miezi 6 walikuwa na uchovu mdogo na hali bora ya mwili kuliko wenzao.

Angalia neno "waliomaliza matibabu". Wewe huenda uko kwenye dripu ya tano, au umeanza dawa nyingine baada ya ugonjwa kurudi. Kwa hiyo zile dakika 30 zichukulie kama taarifa, zisiwe deni.

Na lisilowezekana lisemwe pia: mazoezi hayayeyushi uvimbe. Mwaka 2025 ulitoka utafiti mkubwa ulioonyesha kwamba mpango wa mazoezi wa miaka 3 uliwapunguzia watu hatari ya saratani kurudi, lakini ilikuwa saratani ya utumbo mpana, na walioshiriki walikuwa wameshafanyiwa upasuaji na kumaliza kemotherapi. Ukitumiwa habari hiyo na ndugu anayetaka uanze kukimbia, mshukuru, kisha endelea na mpango wako.

1. Nenda kwa daktari na maswali yenye meno

Ukiuliza tu, "Naruhusiwa kufanya mazoezi?", utajibiwa, "Ndiyo, kidogo kidogo", na utarudi nyumbani mikono mitupu. Uliza hivi:

- *Hemoglobini na chembe sahani zangu ziko ngapi?* Hemoglobini ndiyo inayobeba oksijeni kwenye damu. Ikishuka chini ya 8 (gramu kwa desilita), moyo unafanya kazi kubwa hata ukiwa umekaa, na mazoezi husubiri au hupunguzwa sana. Chembe sahani ndizo zinazogandisha damu. Zikiwa chini ya 50,000 (kwa mikrolita ya damu), wataalamu wengi hukuachia kutembea na kujinyoosha lakini hukuondolea uzito na chochote kinachoweza kukuangusha. Chini ya 20,000, unabaki na shughuli ndogo za nyumbani tu.
- *Nina bonge la damu mguuni au kwenye mapafu?* Saratani ya ovari ni miongoni mwa zile zinazogandisha damu kwa urahisi. Kama umeshagundulika nalo na umeanza dawa, uliza ni lini uanze kutembea. Mara nyingi si baada ya muda mrefu.
- *Nina maji tumboni au kifuani, na ni mengi kiasi gani?*
- *Kidonda cha upasuaji kimeshika? Kuna ngiri inayoanza?*
- *Mifupa yangu ikoje?* Saratani hii haikimbilii sana mifupani, ila kuondolewa ovari kabla ya umri wa kukoma hedhi huifanya mifupa kuwa myepesi. Na maumivu mapya ya mfupa, yakiwa mahali pamoja na yakizidi usiku, yatajwe hata kama hujaulizwa.
- Kama unapata bevasizumabu, dripu inayozuia uvimbe kuota mishipa ya damu: *presha yangu imetulia?* Dawa hiyo huipandisha. Presha isiyodhibitiwa si ya kuanza nayo mazoezi.

Omba pia rufaa kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Mahali pengi huduma hii haitajwi mpaka mgonjwa aitaje. Na ukielekezwa kwa watu wa tiba shufaa, yaani wanaotuliza maumivu na dalili za ugonjwa, usishtuke ukadhani umekatiwa tamaa. Wao ndio wanaojua kupanga dawa ya maumivu ili ikufikie kabla hujasimama, badala ya baada ya kukata tamaa na kurudi kulala. Dawa ya maumivu ya kunywa inayofanya kazi haraka ukiinywa kama nusu saa kabla ya kutembea, huo mwendo unakuwa mwingine kabisa.

2. Fuata mzunguko wa dawa, si siku za wiki

Mpango wa "Jumatatu, Jumatano na Ijumaa" hufa mapema kwa mtu aliye kwenye kemotherapi, kwa sababu Jumatano ya wiki hii si sawa na Jumatano ya wiki ijayo. Chukua daftari, andika siku ya dripu kuwa siku ya 1, kisha uhesabu hadi dripu inayofuata. Kwa mchanganyiko unaotumika zaidi, karboplatini na paklitakseli kila baada ya siku 21, wengi hupitia hivi:

Siku ya 1 na ya 2 huwa za udanganyifu. Deksamethasoni inakupa nguvu na kukunyima usingizi, unajiona mzima, unafua na kupanga kabati. Usizitumie nguvu hizo zote, ni za mkopo. Tembea kidogo, fanya mazoezi yako ya kawaida, basi.

Kuanzia siku ya 3 hivi hadi ya 5 au ya 6, mkopo unadaiwa. Paklitakseli huleta maumivu ya misuli na viungo, hasa miguuni, na mwili unakuwa mzito. Hizi ni siku za kiwango cha chini kabisa, ambacho nitakieleza punde.

Kati ya siku ya 7 na ya 14 chembe nyeupe huwa chini. Unaweza kuwa unajisikia nafuu, lakini kinga ni hafifu: tembea nje mahali pasipo na msongamano, achana na ukumbi wa mazoezi na bwawa la kuogelea, na nawa mikono. Katika kipindi hicho kuelekea wiki ya 3, karboplatini inaweza kushusha chembe sahani, kwa hiyo kuanguka kuna gharama kubwa kuliko kawaida.

Wiki ya 3 kwa kawaida ndiyo yako. Hapo ndipo unapoongeza dakika, unapofanya mazoezi ya nguvu, unapokwenda mbali kidogo.

Mzunguko wako unaweza kutofautiana. Kuna wanaopata paklitakseli kila wiki, na hao hawana wiki nzuri iliyo wazi, wana siku 2 au 3 tu. Wanaokunywa vidonge vya saratani vya olaparibu au niraparibu hawana mawimbi hayo, ila uchovu na upungufu wa damu huja polepole, na miezi ya mwanzo ndiyo migumu zaidi. Anayepata doksorubisini ya liposomu, aina nyingine ya kemotherapi, ajihadhari na jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: siku chache baada ya dripu, msuguano na joto kwenye nyayo na viganja vinaweza kuchochea ngozi kuwa nyekundu, kuuma na kubabuka. Siku hizo si za matembezi marefu wala viatu vya kubana. Fanya mazoezi ukiwa umekaa.

Baada ya mizunguko 2 daftari lako litakuwa limekuambia mengi kuliko ninavyoweza kukuambia mimi.

3. Weka kiwango cha chini kabla ya lengo

Watu huanza na lengo. Anza na kiwango cha chini: jambo dogo ambalo utalifanya hata siku ya 4 ya mzunguko. Kwa mwingine ni kutembea dakika 5 mara 3 kwa siku. Kwa mwingine ni kula akiwa kitini badala ya kitandani, na kwenda chooni kwa miguu yake kila mara. Liandike.

Sababu ni hii. Siku ukiamka vizuri, utataka kufidia. Utafanya kazi ya siku 4 kwa asubuhi moja, halafu utalala siku 2, na kila mzunguko wa namna hiyo unakuacha chini kidogo kuliko ulipoanzia. Acha ukiwa bado na nguvu iliyobaki. Kama saa moja baada ya mazoezi bado umechoka kuliko ulivyoanza, au uchovu umelala na wewe hadi kesho yake, ulizidisha, na kesho punguza theluthi moja. Kama siku 3 au 4 mfululizo umemaliza bila shida, ongeza dakika 1 au 2. Ongeza muda kwanza. Mwendo wa haraka utakuja wenyewe, na usipokuja si neno.

Kujua kama unajikaza mno, zungumza. Ukiweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko pazuri. Ukikatiza neno ili uvute pumzi, punguza. Ukitumia kipimo cha 0 hadi 10, kaa kwenye 3 au 4.

4. Kiti, njia na ukuta

Kama ningeruhusiwa kukuachia zoezi moja tu, lingekuwa kusimama kutoka kwenye kiti. Ndilo linalolinda mapaja na makalio, misuli inayokutoa kitandani, chooni na kwenye gari.

Tafuta kiti kigumu chenye mikono, kiegemeze ukutani kisiteleze. Kaa mbele ya kiti, si nyuma kabisa. Rudisha nyayo nyuma kidogo hadi visigino viwe chini ya magoti, miguu ikiwa imeachana kwa upana wa nyonga. Egemea mbele mpaka pua ipite juu ya magoti. Wengi hushindwa kusimama kwa sababu wanajaribu kupanda wima bila kuinama kwanza. Vuta pumzi ukiwa umekaa, kisha itoe polepole unaponyanyuka. Usibane pumzi hata kidogo, maana kubana pumzi kunasukuma tumbo na mshono. Ukifika juu, simama ukihesabu hadi 3, uone kama kichwa kinazunguka. Kisha shuka taratibu, usijiangushe: huko kushuka polepole ndiko kunakojenga zaidi.

Anza na mara 3 au 5 ukitumia mikono. Ukifika 8 hadi 10 bila taabu, pumzika dakika moja, rudia mzunguko wa pili. Baadaye tumia mkono mmoja, kisha kunja mikono kifuani. Kiti kikiwa kifupi na kinakushinda, weka mto mgumu juu yake uinuke. Tumbo likiwa kubwa, panua magoti lipate nafasi ya kupita.

Mengine ni mafupi. Simama ukishika meza nzito, nyanyua visigino mara 10. Simama urefu wa mkono kutoka ukutani, weka viganja ukutani, kunja viwiko na ujisukume. Ukiwa umekaa, shika chupa ndogo za maji, zivute kuelekea mbavuni. Siku 2 kwa wiki, zisizofuatana, zinatosha.

Kutembea kugawe vipande. Dakika 10 mara 3 zina faida yake kama zile 30 za mkupuo, na tumbo linalipenda hilo zaidi. Chagua njia ya kuzunguka nyumba au ya kwenda na kurudi karibu, ili popote utakapochoka usiwe mbali na kiti. Kosa la kawaida ni kutembea hadi nguvu ziishe, kisha kukumbuka kwamba kuna kurudi.

5. Tumbo

Hapa ndipo saratani ya ovari inapoachana na nyingine, na miongozo mingi ya mazoezi hupita kama vile tumbo halipo.

*Baada ya upasuaji.* Mshono mara nyingi huanzia juu ya kinena na kupita kitovu. Kutembea huanza mapema sana, mara nyingi siku inayofuata, kwa hatua chache kando ya kitanda, ili damu isigande na mapafu yafunguke. Ukitaka kuamka, usijiinue moja kwa moja kama unakaa kitako. Kunja magoti, geuka ubavu mwili mzima kwa pamoja, shusha miguu nje ya kitanda, huku ukijisukuma kwa kiwiko na kiganja. Ukikohoa au kucheka, kumbatia mto tumboni. Wengi hukatazwa kunyanyua zaidi ya kilo 4 au 5 kwa takriban wiki 6. Hesabu ndoo, mkoba wa sokoni na mtoto. Mazoezi ya kukunja tumbo, yale ya kulala chali na kunyanyua kifua, yasahau kwa miezi, na pengine hutayahitaji tena. Kama umepewa sindano za kuzuia damu kuganda, mara nyingi ni za siku 28, zimalize hata kama unatembea vizuri.

*Maji tumboni.* Yakijaa, mbavu hazina pa kupanukia, pumzi inakuwa fupi, na uzito ulio mbele hukuvuta mgongo. Usilale chali ufanye mazoezi; kaa ukiwa umeinuka, au simama. Gawanya vipindi viwe vya dakika 3 hadi 5. Toa pumzi kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza chai. Kigari cha kutembelea au fimbo si aibu hapa, kinakupa mahali pa kuegemea pumzi ikikata. Maji yakitolewa, siku hiyo inuka kwa hatua, kaa kwanza ukingoni, maana presha inaweza kushuka ghafla na kukuangusha. Kesho yake na siku zinazofuata ndizo nyepesi: zitumie. Mambo yaliyokuwa yakikusubiri, kama matembezi na ngazi, yapange hapo, si siku ya kabla ya kutolewa. Aliyewekewa mrija wa kudumu wa kutolea maji aufunge vizuri usivutwe, na asiogelee.

*Mfuko wa haja tumboni.* Umwage kabla ya kuanza, toa pumzi kila unapotumia nguvu, na usinyanyue kizito bila kumuuliza muuguzi wa mfuko kuhusu mkanda. Ngiri kando ya tundu ni jambo la kawaida, na hurahisishwa na kubana pumzi.

*Kufunga choo.* Dawa za maumivu za jamii ya mofini na zile za kichefuchefu kama ondansetroni hufunga choo, na kutembea husaidia utumbo kusogea. Lakini tofautisha. Tumbo likikata kwa mawimbi, likavimba, ukatapika, na hata hewa haitoki, huo unaweza kuwa utumbo ulioziba. Usitembee ukisubiri ufunguke, usinywe dawa ya kuharisha, nenda hospitali. Na kwa anayepata bevasizumabu, maumivu makali ya tumbo ya ghafla ni ya dharura saa ileile, kwa sababu utumbo unaweza kutoboka.

6. Miguu

Paklitakseli hutia ganzi vidole na nyayo. Wengine huhisi sindano, wengine moto, wengine kama wamevaa soksi ambazo hawajazivaa. Mguu usiohisi sakafu huanguka. Vaa viatu vilivyofunga, soli imara isiyo nene mno, hata ndani ya nyumba. Washa taa usiku, maana macho sasa ndiyo yanayofanya kazi ya nyayo. Kila jioni angalia nyayo kwa macho au kwa kioo, utafute mchubuko ambao hukuuhisi. Zoezi la mizani: simama kwenye kona ya chumba mgongo ukielekea ukutani, kiti mbele yako, unganisha miguu, kaa sekunde 10, ukizoea, weka mguu mmoja mbele kidogo ya mwingine. Na mwambie daktari ganzi inapoanza, si inapokuwa imefika magotini. Dozi inaweza kurekebishwa; ganzi iliyokomaa huchelewa kuondoka na mara nyingine haiondoki.

Kuvimba miguu kuna aina zake, na kila moja inataka jibu lake. Kama tezi za limfu ziliondolewa na mguu mmoja au yote miwili inakuwa mizito polepole kwa wiki na miezi, kujongea ni sehemu ya tiba: tembea ukiwa na soksi za kubana ulizopimiwa, na inua miguu ukipumzika. Kama miguu yote imejaa maji pamoja na tumbo, bonyeza nyayo juu na chini mara 20 kila saa unapokuwa umekaa, na umjulishe daktari. Lakini mguu mmoja ukivimba ndani ya siku moja au mbili, shavu la mguu likauma, likawa na joto, usiukande, usiupake dawa ya kuchua, wala usiutembeze eti "uzoee". Hilo linaweza kuwa bonge la damu. Ni la kwenda kupimwa siku hiyohiyo.

7. Siku ambayo huwezi

Zitakuwepo. Siku hiyo fanya haya ukiwa kitandani, kila baada ya saa moja au mbili ukiwa macho: bonyeza nyayo juu na chini mara 20, kaza mapaja ukihesabu 5 kisha legeza, mara 5, kaza makalio vivyo hivyo, vuta pumzi 3 ndefu hadi chini ya mbavu. Halafu kaa kitini kwa ajili ya mlo mmoja, hata kama mlo wenyewe ni vijiko vichache. Umemaliza. Usijidai deni la kesho.

8. Acha mara moja na utafute msaada

Maumivu ya kifua, pumzi inayokata ghafla, kuzimia, au moyo kwenda mbio bila mpango. Homa ya nyuzi 38 au zaidi ukiwa kwenye kemotherapi: hiyo haisubiri asubuhi, na siku hiyo hakuna mazoezi. Damu isiyokoma. Mshono unaofunguka au unaotoa majimaji. Miguu kulegea ghafla, au mkojo na choo kutotawalika pamoja na maumivu ya mgongo.

Kutapika na kuharisha kwa mfululizo si dharura ya kiwango kilekile, lakini usifanye mazoezi mpaka maji ya mwili yarudi, na ukishindwa kunywa piga simu hospitali.

9. Nguvu zikipungua, kwa msaidizi

Kuna wakati dakika hazitaongezeka tena. Hapo mpango hubadilika: tunachagua harakati 2 au 3 zenye maana kwa mgonjwa mwenyewe, na nguvu zote zinakwenda huko. Muulize yeye. Unaweza kudhani anataka kutembea hadi barazani, kumbe anachotaka ni kukaa kwenye choo chake badala ya beseni. Basi mazoezi ya siku yawe kusimama na kuzunguka robo duara kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha choo, na asichoshwe kwa kuvalishwa na kuoga kabla ya hapo. Aoge jioni, au siku nyingine.

Unapomsimamisha, usimvute mikono wala usimshike kwapani. Bega linaweza kuteguka, na akiteleza mtaanguka wote. Simama ubavuni, upande ule ulio dhaifu, mguu wako mmoja mbele. Mkono mmoja uwe mgongoni kiunoni, ukishika mkanda mpana au khanga iliyofungwa juu kidogo ya nyonga, mbali na mshono na mrija. Kiganja cha pili akiegemee kwa kiganja chake. Mwache yeye ainame, ahesabu, anyanyuke. Kazi yako ni kumpa mizani, nguvu iwe yake. Akisimama, subirini wote wawili hadi atakaposema kichwa kimetulia.

Akiwa hawezi kusimama tena, mgeuze ubavu kwa mzunguko, takriban kila saa 2, mto kati ya magoti, na umnyooshee vifundo na magoti taratibu bila kupita pale anapokunja uso. Mchana mwinue kitanda au mito akae nusu wima, ni rahisi kupumua, na mtazungumza mkitazamana. Ukijikuta unalazimika kumbeba, acha. Waombe watu wa fiziotherapia au tiba shufaa wakuonyeshe namna ya kumsogeza kwa shuka, watu wawili, kabla mgongo wako haujaharibika.